Herufi Moja Iliyotuaibisha



Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Ramadhani, tulipewa kazi ya kuandika tangazo kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wasiojua Kiswahili. Tulikusudia kusema kuwa funga imefaradhishwa kwa kila Muislamu aliyebaleghe na mwenye uwezo. Tukaandika kwa herufi kubwa, tukabandika mlangoni, nafsi zetu zikaridhika.

Baada ya sala ya alasiri akatujia mwanafunzi mmoja, kainamisha kichwa. "Ustadh, samahani. Mbona tangazo linasema funga imekatazwa?"

Tulimkemea kwamba hajui Kiingereza. Hakubisha. Usiku tulipofungua kamusi, tukakuta yeye ndiye aliyesema kweli.

Vitenzi vyenyewe ni *prescribe* na *proscribe*. Vyote asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna neno la kuandika. Kinachovitenganisha ni herufi moja tu. Chenye *e* ni kuagiza au kuweka sharti, kama daktari anavyomwandikia mgonjwa dawa. Chenye *o* ni kupiga marufuku. Hapo zamani kilikuwa na maana ya kutangaza kwa maandishi. Mwaka 82 K.K., jemadari wa Kirumi aitwaye Sulla alibandika hadharani majina ya mahasimu wake. Aliyeorodheshwa damu yake ilikuwa halali na mali yake ilichukuliwa.

Sisi tuliandika chenye *o*. Basi shikeni hivi: *e* ni ya "elekeza", *o* ni ya "ondoa".

Wala jambo hili si geni kwenu. *Qalb* ni moyo, *kalb* ni mbwa. Ndiyo sababu tunawarudisha mara kumi kwenye makharij hata mkachoka. Tuliwahimiza nyinyi kuchunga herufi, sisi wenyewe tukaiacha moja ikatupita.

Asubuhi tulilibandua tangazo, tukamwita kijana yule mbele ya wenzake, tukamwomba radhi. Ni wageni wangapi walikuwa wamekwisha kulisoma, hatujui mpaka leo.

Enyi vijana, neno msilolijua vyema msiliandike kabla ya kulitazama kwenye kamusi. Na mkimwona mwalimu wenu amekosea, mwambieni kwa adabu kama alivyofanya mwenzenu. Nasi tunaahidi kutazama kwanza, ndipo tukemee.

Wabillahi tawfiq.