Kaburi la Boone juu ya Mto Kentucky

Ukitoka Lexington kwenda Frankfort, iache ile barabara kuu ya kasi, ushike namba 60 inayopita Versailles. Utapita kati ya mashamba ya farasi, nyua za mbao zilizopakwa rangi nyeusi, na kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kuta hizo zilianzwa na mafundi kutoka Ayalandi, kisha watumwa waliojifunza ufundi kwao wakaendelea nazo. Garini mwetu kilikuwa Kiswahili kitupu. Lexington ina Wakongo wengi, na mzee aliyeketi mbele, ambaye sote twamwita Papa, ni mtu wa Uvira. Kijana wangu alikuwa nyuma, akitusimulia alivyofundishwa shuleni habari za Daniel Boone, mtu aliyefungua njia ya Kentucky.

Makaburi ya Frankfort yalianzishwa mwaka 1844 juu ya genge la mawe ya chokaa. Ukisimama penye kaburi la Boone, mji wote uko chini yako: mto unapinda, na ng'ambo lasimama kuba la jengo la serikali ya jimbo. Mahali pazuri kupita kiasi. Lakini Boone hakufia hapa. Alifariki Missouri mwaka 1820, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa huko jirani na mkewe Rebecca aliyemtangulia mwaka 1813. Kentucky alikwisha kuihama zamani, baada ya kupoteza ardhi yake karibu yote kwa sababu ya hati mbovu na kesi zisizokwisha. Mwaka 1845 wajumbe kutoka Kentucky walikwenda kuwafukua wote wawili wakaja kuwazika hapa. Makaburi yalikuwa mapya, na yalihitaji jina kubwa.

Mnara wenyewe si mrefu. Ulijengwa miaka ya 1860, na kila upande una kibao cha mawe kilichochongwa picha. Kazi ya kwanza ilikuwa ya Robert Launitz, mchongaji wa New York. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopita, vibao vilikuwa vimevunjwavunjwa, na mwaka 1910 vikawekwa vingine.

Nilikaa sana mbele ya kibao cha Rebecca. Anakamua ng'ombe. Amejiinamia kwenye kazi yake kama mtu asiyejua kwamba anatazamwa, na ng'ombe ametulia. Minara mingi ya mashujaa humweka mke, akiwekwa, akilia juu ya jeneza. Huyu anafanya kazi, na kazi yake ndiyo iliyowaweka hai watu hao wakati mume yuko porini kwa miezi, pengine kwa mwaka na zaidi. Alizaa watoto kumi. Wawili kati ya wavulana wake waliuawa katika mapigano ya kuigombea nchi hii: James mwaka 1773, Israel mwaka 1782. Ningependa kumshukuru aliyeamua kwamba mama huyu achongwe.

Kwenye kibao kingine Boone anapigana na mwenyeji wa nchi. Hapo kijana wangu aliuliza, "Baba, huyu anaitwa nani?"

Hana jina. Nilimwambia ninachokijua: Washawnee waliiwinda nchi hii tangu enzi na enzi, na mwaka 1778 walimteka Boone. Hawakumuua. Chifu wao, Blackfish, alimchukua akamfanya mwanawe, naye Boone akakaa nao miezi kadhaa akila chakula chao na kuwinda pamoja nao, mpaka alipotoroka kwenda kuwaonya watu wake wa ngome ya Boonesborough. Yeyote anayechonga Boone na Mshawnee wakiuana, bila kuchonga mlo ule, amechonga nusu ya habari. Washawnee wenyewe walisukumwa magharibi, na leo mataifa yao matatu yako Oklahoma.

Papa alikuwa anazunguka mnara polepole, mikono nyuma. "Na watu weusi?" aliuliza. "Hawakuwepo?"

Walikuwepo, Papa. James alipouawa, mtumwa mmoja aitwaye Adam alijificha kando ya mto akaona yote, kisha akatangatanga siku nyingi hadi akafika kwa watu. Tunajua kifo cha kijana yule kwa kinywa chake. Mwaka 1775, Boone alipokuwa akikata ile njia yake maarufu, mmoja wa watu wa kwanza kuuawa alikuwa mtumwa aitwaye Sam. Kisha kuna Monk Estill, aliyetengeneza baruti iliyowalinda watu wa ngome. Mwaka 1782, baada ya bwana wake kuuawa vitani, alimbeba majeruhi mgongoni kilomita 40 hivi, na mwaka huo huo akaachwa huru. Boone mwenyewe, mwaka 1787, alikuwa na watumwa saba.

Nikamweleza na habari ya fuvu la kaburi hili. Lilipofukuliwa mwaka 1845 lilitolewa nakala ya plasta. Mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa aliichunguza, akasema huenda ni ya mtu mweusi. Wengine wakapinga kwamba plasta ile haitoshi kuthibitisha lolote. Watu wa Missouri, kwa upande wao, wameshikilia kwa muda mrefu kwamba wajumbe walifukua kaburi la mtu mwingine.

Papa alivua kofia. "Basi huenda tumekuja kumwamkia ndugu yetu," alisema, na hakuwa anatania.

Tulipokuwa tunarudi garini tulikubaliana safari ijayo iwe Boonesborough, kuufuata mto huu huu kwenda juu. Ngome imejengwa upya pale, na kijana ameniagiza nimuulize mwongozaji ni pembe ipi ya ngome Monk alikuwa akitengenezea baruti yake.