Hesabu Sawa, Kitambaa Kombo

Wasomaji wenzangu huenda wakastaajabu kuona karani wa Serikali, mwanamume mwenye ndevu zake, akiandika habari za kufuma kroshia. Hata mimi nisingalithubutu, lau si mambo yaliyotupata nyumbani kwetu Machakos.

Mke wangu, Mama Mwende, hufuma vitambaa vya meza na vya viti, na fedha zake zimekwisha kuwalipia watoto karo zaidi ya mara moja pale mshahara wangu ulipokwama njiani. Bibi mmoja alimwagiza kitambaa kirefu cha meza chenye mikanda: mistari minne ya mafundo marefu, kisha minne ya mafundo mafupi, vivyo hivyo hata mwisho. Alipoletewa alikitazama, akakikunja, akakirudisha. Kingo zake zilikuwa zikiingia na kutoka kama ukingo wa mto. Uzi tulikuwa tumeukopa dukani, na muhula wa shule ulikuwa umebakiza majuma matatu kufunguliwa.

Jioni ile nalikosa adabu. Kazi yangu ni madaftari ya hesabu, nami huamini ya kuwa kila kilichopotoka kina tarakimu iliyopotea mahali. Nikavuta taa karibu, nikahesabu mafundo mstari kwa mstari. Wa kwanza 80, wa pili 79, wa tatu 78. Nikasema kwa sauti ileile ya ofisini, "Mama Mwende, hapa pana upungufu wa mafundo mawili." Hakujibu. Alinitazama kitambo, kisha akaniwekea sindano ya kroshia na kibonge cha uzi magotini. "Haya, Baba Mwende. Fuma wewe, nione."

Basi nikafuma, tena kwa majuma mawili, mlango umefungwa ili jirani wasinione. (Wakaniona.) Ndipo nilipofahamu mafundo yale mawili yalikopotelea. Mtu akifika mwisho wa mstari na kugeuza kazi, hufanya kwanza vitanzi vya kupandia, ili mkono ufikie kimo cha mstari unaofuata. Kwa fundo fupi kitanzi kimoja chatosha, nacho kwa kawaida hakihesabiwi, hivyo fundo la kwanza huingizwa papo hapo ukingoni. Kwa fundo refu hufanywa vitanzi vitatu, navyo huhesabiwa kuwa ni fundo la kwanza. Kwa hiyo huruka fundo la ukingoni, na ukirudi mstari unaofuata yakupasa kutia fundo lako la mwisho juu kabisa ya vile vitanzi vitatu. Hapo ndipo penye hila, kwa maana vitanzi hivyo hujikunja na kujificha, na jicho lililochoka huvipita. Ukivipita umepoteza fundo moja. Na usiporuka lile la kwanza umejiongezea moja. Mwenye kufuma fundo la aina moja tu mkono wake huzoea. Lakini mwenye kubadili kila mistari minne hana budi kukumbuka sheria mbili kwa zamu, huku anamnyonyesha mtoto na chungu ki motoni. Naliona haya kwa ile sauti yangu ya ofisini.

Mama Mwende akafumua, akaanza upya. Safari hii alifunga kiuzi chekundu juu ya vitanzi vya kupandia kila alipogeuza, asivisahau, kisha hukivuta kikatoka. Nikahesabu: 80, 80, 80. Nikafurahi mno. Tulipokitandaza mezani, kingo bado zilikuwa na matumbo!

"Hesabu yako ni sawa, Baba Mwende," akasema, "lakini kitambaa hakijui hesabu."

Nikaleta rula. Mikanda ya mafundo marefu ilikuwa na upana wa inchi 16, na ile ya mafundo mafupi ilikaribia 18. Mafundo 80 huku, 80 huku! Sababu yake ni kwamba fundo refu na fundo fupi havivuti uzi kwa namna moja, wala mikono ya watu wawili haivuti sawa. Kwa mkono wa mke wangu fundo fupi hukaa pana. Kwa mwingine laweza kuwa kinyume chake. Kwanza alijaribu sindano nyembamba zaidi kwa mikanda mifupi. Upana ulipungua, lakini kitambaa kilikakamaa kama gunia. Akaacha.

Tukafuma vipande viwili vidogo vya kujaribia, tukapima inchi nne katikati ya kila kimoja. Mafundo marefu yalikuwa 20, mafupi 18. Sasa kazi ilikuwa yangu. Kwa inchi 16 yatakikana marefu 80, lakini mafupi 72 tu. Basi katika mstari wa kwanza wa mkanda mfupi alifuma mafundo manane, akaunganisha mawili yanayofuata kuwa moja, akaendelea hivyo hata ukingoni. Akirudi kwenye marefu, kila fundo la tisa alilitilia mawili, nayo 72 yakawa 80 tena. Upungufu ukitawanywa hivyo hauonekani. Ukirundikwa ukingoni, kitambaa hukunjamana.

Yule bibi alikipokea siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Alikipima kwa kiganja, mkanda kwa mkanda, asiseme neno, kisha akafungua mkoba.

Nami kile kipande changu cha kwanza, chenye mafundo 30 upande mmoja na 23 upande wa pili, nilitaka kukifumua ili uzi usipotee. Mama Mwende amekataa. Amekiweka juu ya redio sebuleni, na kila mgeni akiuliza, humwonyesha mimi.