Ziwa la Mtoto, Maneno ya Watu

Mwenzangu, kama hujawahi kunyonyesha mtoto aliyekwisha anza kutembea, hujui maneno ya watu. Wangu alipofikisha miezi 16, kila mtu alikuwa na lake. Saluni: "Shosti, achisha bwana, matiti yatalala hayo!" Jirani akaniletea shubiri nijipake kwenye chuchu, eti mtoto akionja uchungu atasusa mwenyewe. Shangazi akataka apelekwe Tanga kwa bibi wiki mbili, akirudi atakuwa ameshasahau. Ofisini nako, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, lakini nikibeba tu pochi, watu wanatazama saa ya ukutani.

Lililoniuma zaidi lilitoka kwa mama mkwe. Alinivuta pembeni, akanong'ona: "Mwanangu, mnajizuia lakini na baba yake?" Nikaelewa anakokwenda. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, mtoto "anabemendwa": anakonda, anachelewa kutembea. Akiugua tu, mama ndiye wa kulaumiwa. Ndiyo maana wapo wanaoachisha mapema, ili mume asipate kisingizio cha kutoka nje.

Jamani, tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto hudhoofishwa na lishe duni na maradhi, na kumwachisha ghafla kunaweza kumzidishia. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku anakula, hadi miaka 2 au zaidi. Qur'an nayo inataja miaka 2 kamili, na kuwaruhusu wazazi kuachisha kabla ya hapo wakiridhiana na kushauriana.

Kushauriana, ndugu zangu! Mume wangu alikuwa kimya muda wote. Usiku ule nikamuuliza, "Baba, wewe unaonaje?" Kumbe naye alikuwa anaogopa hiyo hiyo habari ya kubemenda, ila anaona aibu kusema. Tuliongea mpaka saa 7 usiku. Tukapanga: tuanze kupunguza ziwa la mchana, kisha la jioni, la usiku liwe la mwisho, na mtoto akiamka yeye ndiye ambembeleze. Na mama yake ataongea naye mwenyewe.

Ilituchukua miezi 2. Hakuna shubiri, hakuna safari ya Tanga. Usiku wa kwanza mtoto alipolala bila kuniulizia, mimi ndiye niliyelia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama naye huachishwa.

Kwa hiyo kaka unayesoma hapa, mkeo akifikia hatua hiyo, usiwaachie mama yako na majirani waseme kwa niaba yako. Kaa naye, muulize anajisikiaje. Halafu usiku mtoto akilia, amka wewe.