Meza ya Nyota

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani waliwafikiria wenye maduka, lakini mimi nimeona kwamba hata nyota zinataka daftari. Na daftari, ndugu msomaji, lataka meza.

Nyumbani kwetu Msambweni nina banda la kutazamia nyota. Jina lisikutishe! Ni ua wa makuti usio na paa, wa kutukinga na upepo wa kusi na taa za majirani. Katikati nimechimbia nguzo, na juu yake hukaa darubini ya macho mawili ambayo mjomba alipewa na mtalii alipokuwa akifanya kazi hotelini Diani. Nilikuwa nikiandikia gotini, gizani, na asubuhi hata mwenyewe siusomi mwandiko wangu.

Mbao ndizo zilizoleta zogo. Babu alikuwa na dau kuukuu lililolala ufuoni miaka mingi. Mama alilitaka liwe kuni za kukaangia vitumbua, na vitumbua ndivyo vinavyonilipia chakula cha shuleni. Akaniuliza, "Nyota zitakulipia, mwanangu?" Nikanyamaza, kwa maana alisema kweli. Babu ndiye aliyekata shauri: "Mbao mbovu ziende jikoni, nzima apewe mtoto. Mimi nilizijua nyota nikivua, ila sikuandika. Sasa macho hayaoni." Mama akakubali kwa sharti moja, kwamba mchana wadogo zangu waitumie meza hiyo kwa kazi zao za shule.

Basi nikashika msumeno na randa. Miguu ya meza nimeitenga kabisa na ile nguzo. Darubini inayokuza mara 10 hukuza na mtikisiko pia, kwa hivyo ukiandika kwenye meza iliyogusana nayo, nyota hucheza ngoma. Kila mguu umesimama ndani ya mkebe wenye oili chafu, mchwa wasipande. Uso wa meza umeinama kidogo, na chini una ukingo wa kuzuia penseli isianguke. Mtoto wa meza nimemvisha karatasi ya nailoni, kwani umande wa pwani hulowesha daftari. Tochi nimeifunika karatasi nyekundu. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe huyaharibu mara moja.

Kazi ya kwanza ya meza ilikuwa Mshtarii. Mnamo Januari 1610, Galileo Galilei wa Italia aliona nukta ndogo kando ya sayari hiyo, akazichora usiku baada ya usiku, akatambua kwamba ni miezi minne inayoizunguka. Mmoja, Io, humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu hivi. Callisto huchukua karibu siku 17. Nami nikachora. Usiku mmoja haukuniambia kitu, lakini baada ya majuma matatu ukurasa ulionyesha wazi nukta moja ikienda mbali, ikirudi, ikivuka upande wa pili. Nilimwita mama aje aone. Alitazama kitambo, kisha akasema, "Kumbe zinatembea!"

Wenzangu, pwani yetu si ngeni katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu, na habari ilizozituma zilitoa orodha ya vyanzo zaidi ya 300. Nayo faida yake ilitokana na kuandikwa.

Siku hizi babu huja bandani baada ya Isha. Hukaa kwenye kigoda, hunitajia Kilimia na nyota alizozifuata akirudi kutoka baharini, nami huandika. Tumefika ukurasa wa 11, na bado hajamaliza.