Msaada Ndani ya Utungo: Gargar wa Garissa

Wanawake wa Garissa waliorekodiwa na Ketebul Music, asasi iliyoasisiwa na Tabu Osusa jijini Nairobi mwaka 2007, walijiita Gargar, neno ambalo kwa Kisomali ni msaada. Jina hili lastahili kusomwa kwa makini. Katika buraanbur, utungo wa wanawake wa Kisomali, mtungaji hasimami peke yake: ngoma na makofi ya wenzake humpa pumzi, naye akichoka mwingine hupokea. Arusini dakika hazihesabiwi. Studio, iwayo yote, huzihesabu. Nalo soko hutaka nyota mmoja, aibebe mwenyewe hofu ya kukosea. Ndipo msanii hutafuta mshauri wa kumtuliza, kwa kazi ambayo duara la wenzake lilikuwa likiifanya bila malipo. Gargar waliingia studioni kwa jina la wote.