Wamarekani 306,000 na vyumba vya mjomba

Mjomba wangu ana ekari mbili za chai pale Kapsoit, zinapakana na barabara kuu ya Kericho kwenda Kisumu. Bonasi ya 2025 haikumfurahisha, kama haikuwafurahisha wakulima wengi wa Kericho na Bomet. Akaamua: atang'oa nusu ekari, achukue mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo, ajenge vyumba kumi vyenye madirisha makubwa yanayotazama chai. Alikuwa amesikia redioni kwamba Wamarekani ndio wageni wengi kuliko wote nchini.

"Kijana, wewe ni mtu wa kompyuta," akaniambia. "Nitafutie hao Wamarekani wanapenda nini."

Swali zuri. Lakini mimi nilitaka kwanza kujua kama wanapita Kapsoit. Mche wa chai ukishang'olewa, huurudishi kwa kubonyeza kitufe.

Haya, twende kwenye data. Taasisi ya Utafiti wa Utalii hutoa ripoti ya wageni kila mwaka, na Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, huwa na sura ya utalii katika ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka. Zote ni PDF, ugonjwa sugu wa ofisi zetu! Niliandika skripti fupi ya Python kunyofoa majedwali, kisha nikakaa nusu siku nikiunganisha majina ya nchi yaliyokatika katikati na kufuta koma zilizopotea njia. (Ndugu zetu wa serikalini, faili la CSV halina gharama yoyote.)

Picha ya jumla ni hii. Mwaka 2019 walikuja wageni milioni 2.05 hivi. Mwaka 2020 korona ikaangusha hesabu hadi chini ya 600,000. Mwaka 2024 wakafika karibu milioni 2.4, na kati yao Wamarekani walikuwa takriban 306,000, yaani mmoja katika kila wanane. Redio ya mjomba haikudanganya. Uganda ilifuata kwa kama 225,000, na Tanzania 203,000.

Sasa jumlisha hao majirani wawili. Wanapita 425,000, wanawaacha Wamarekani mbali sana. Ukipanga jedwali kwa nchi moja moja, Marekani iko juu. Ukilipanga kwa njia ambayo mtu anaingilia nchini, habari inageuka kabisa. Mmarekani hushuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mganda wengi wetu tumemwona Busia au Malaba, na Mtanzania Namanga au Isebania. Fungua ramani uone: kutoka Busia unapita Kisumu, unapanda Kericho, unateremkia Nakuru. Kutoka Isebania unapita Kisii, na ukielekea Nairobi kupitia Narok, huyo uko Sotik, uko Bomet. Malango mawili ya taifa yanamwaga watu kwenye barabara zetu za chai, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa redioni!

Na Mmarekani je? Wengi wanaokuja kwa likizo wanataka kuona wanyama. Bomet inapakana na Narok, ndiyo, lakini anayekwenda Maasai Mara kwa gari kutoka Nairobi hukunja kushoto pale Ewaso Ng'iro kuelekea Sekenani, muda mrefu kabla hajauona mche wa kwanza wa chai. Mwenye pesa zaidi anapanda ndege ndogo Wilson. Anapita juu ya kila kitu.

Ila Wamarekani wako Bomet, tena miaka yote. Ukimwona mmoja pale mjini, bahati nasibu yangu naiweka Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza 1937, ambako madaktari wa Kimarekani huja kujitolea na kufundisha. Vivyo hivyo kwa Uingereza. Katika jedwali ni nchi moja, mstari mmoja. Kericho mjini, mstari huo una sura ya Masingasinga wanaotoka Birmingham kuja kuhiji kwenye gurdwara ya Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza. Nchi katika jedwali si soko. Daktari, hujaji na mtu wa safari wanabeba pasi ya aina moja, lakini wanalala mahali tofauti, na madaktari na mahujaji hawa mara nyingi wenyeji wao wamewaandalia pa kulala.

Halafu kuna wale wanaolala kwa mama. Kanuni za kimataifa za takwimu za utalii, za 2008, zinapendekeza mgeni ahesabiwe kwa nchi anakoishi. Kwa hiyo binamu yangu muuguzi wa Minnesota, akija Desemba, ni mgeni wa kimataifa kutoka Marekani. Analala kitanda kile kile alicholala akiwa darasa la sita. Mjomba alicheka sana niliposema hivyo. "Kumbe nimekuwa nikilisha watalii bure!"

Ukitaka kujua vitanda, lazima uache jedwali la mipakani uende kwenye lile la KNBS la usiku wa kulala hotelini. Hapo nchi imegawanywa kwa kanda pana, kama Pwani, Nairobi na bonde la Nyanza. Kericho haina mstari wake. Lakini jambo moja linaonekana wazi: sehemu kubwa ya vitanda vya Kenya hulaliwa na Wakenya wenyewe.

Data ya taifa ilinifikisha hapo. Kilichobaki nikakifanya kwa njia ya kizamani: Jumamosi moja nilikaa kwenye kituo cha mafuta na daftari, nikahesabu namba za magari. Magari ya kitalii niliyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Malori na mabasi yenye namba za Uganda nilichoka kuyaandika. Siku moja si sampuli, najua. Lakini nilipomwonyesha mjomba ukurasa ule wa daftari ulimwingia kuliko grafu zangu zote za rangi.

Tulibishana wiki mbili. Yeye bado anataka dirisha kubwa. Mimi nilitaka maegesho ambayo lori linaweza kugeuka bila kugonga ukuta, maji ya moto saa kumi alfajiri, na bei iliyoandikwa pia kwa shilingi ya Uganda. Mwishowe ameanza na vyumba vinne, kwenye kipande kilichokuwa banda la ng'ombe. Mkopo umepungua zaidi ya nusu, na chai haijaguswa.

Nimemtengenezea kitabu cha wageni chenye safu tano: tarehe, unaishi wapi, umetoka wapi leo, kesho unakwenda wapi, umekuja kwa shughuli gani. Kila Jumapili ananitumia picha ya ukurasa kwa simu, nami naichapa kwenye lahajedwali. Safu ya nne ndiyo ninayoisubiri zaidi.