Adui Alikuwa Ndani

Mwaka jana mwanangu alirusha ndege yake ndogo ya zamani, iongozwayo kwa redio ya megahetsi 27. Ghafla haikutii tena, ikaanguka hatua mbili tu kutoka alipokuwa binti wa jirani. Kwa hasira nilikwenda kituo cha polisi kilicho karibu, nikazilaumu redio zao.

Kumbe adui alikuwa ndani! Brashi za mota zilitoa cheche, na cheche huzaa mawimbi yamezayo amri. Fundi alilehemu kapasita ndogo kwenye ncha za mota, akaitenga antena na nyaya zake. Sasa twaijaribu kwanza chini, kwa mbali, mota ikizunguka.

Nilirudi kumwomba radhi sajini. Kabla ya kumtuhumu jirani, tupekue kwetu.